Karyenda na Kilima Chake: Ngoma na Mahali Patakatifu katika Burundi ya Wafalme

Katika Burundi ya wafalme, ngoma takatifu haikuwa chombo cha kujitegemea, kwa maana ilichongwa kutoka mti wa aina moja, ikawambwa na watu wa koo zilizopewa kazi hiyo, ikawekwa katika nyumba yake yenyewe juu ya kilima kinachojulikana, na ikasikika kwa nyakati zilizopangwa kwa kufuata mwandamo wa mwezi na msimu wa kupanda mtama. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba utakatifu wa ngoma hiyo ulikaa katika mshikamano wa mambo hayo yote, wala si katika gogo na ngozi peke yake. Yanakusudia pia kueleza kwa nini juhudi za siku hizi za kuihifadhi, ambazo wakazi wa Bujumbura huzishuhudia kila mara ngoma zinapoingia uwanjani katika sikukuu za taifa au katika ukumbi wa harusi, zimeshughulika sana na mlio na mchezo, huku kilima, mti na walinzi wa mila vikibaki nyuma.

Ngoma iliyokuwa juu ya ngoma zote iliitwa Karyenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama kuu ya enzi ya mwami, yaani mfalme, kiasi kwamba aliyeimiliki kwa njia ya halali ndiye aliyehesabiwa kuwa mtawala wa kweli, na lugha ya Kirundi yenyewe hutumia neno moja, ingoma, kwa chombo na kwa ufalme. Karyenda haikupigwa kama ngoma nyingine na haikuzoeleka machoni pa watu, kwani ilikaa ndani ya nyumba yake chini ya uangalizi wa mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, ambaye aliitwa Mukakaryenda na kuchukuliwa kuwa mke wa ngoma, na ilitolewa nje katika sherehe kubwa za ufalme pekee. Pembeni yake ilikuwako ngoma nyingine iitwayo Rukinzo, ambayo ilifuatana na mwami popote alipohamia na kupiga majira ya siku yake, tangu alipoamka hadi alipokwenda kulala. Ujuzi wa mambo haya, pamoja na tarehe, dawa, maneno na miiko yake, ulishikwa na abanyamabanga, yaani watunza siri, ambao walikuwa watu wa koo maalumu waliorithishana maarifa hayo kwa mdomo, baba kwa mwana. Rwanda jirani ilikuwa na ngoma yake ya enzi iliyoitwa Kalinga, na Buganda ina kundi la ngoma za Kabaka ziitwazo Mujaguzo, kwa hiyo Burundi haikuwa peke yake katika eneo la Maziwa Makuu kuukabidhi ufalme kwa ngoma.

Namna ngoma ilivyotengenezwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo msikilizaji anapoona jinsi kitu cha ibada kinavyobeba ndani yake mahali kilikotoka. Mti wake ni umuvugangoma, ambao Waswahili wa Tanzania huuita mringaringa na wataalamu wa mimea huuita Cordia africana. Ni mti wa majani mapana na maua meupe, ambao ubao wake ni mwepesi kuchongeka, hauharibiki upesi, na ukishatobolewa hutoa sauti nzito inayosafiri mbali. Mti huo haukukatwa kama kuni. Uliteuliwa na wazee, ukaangushwa kwa taratibu za kimila, kisha gogo lake, lenye urefu wa karibu kimo cha kiuno cha mtu mzima, likatobolewa katikati na kuachwa pana kwa juu na jembamba kwa chini, hata likaweza kusimama lenyewe ardhini. Ngozi ya ng'ombe, ikiwa bado mbichi na laini, ilivutwa juu ya mdomo wa gogo na kukazwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka mbavu zote, halafu ikaachwa ikauke na kukakamaa.

Kila sehemu ya ngoma iliyokamilika ina jina, na majina hayo yametolewa katika mwili na maisha ya mama. Ngozi ya juu huitwa icahi, jina la ngozi ambayo mama wa Kirundi wa zamani alimbebea mtoto mgongoni. Vigingi huitwa amabere, yaani matiti. Ukingo unaoizunguka ngoma huitwa urugori, jina la utepe wa bua la mtama ambao mwanamke aliyezaa aliuvaa kichwani kama taji la uzazi. Kiwiliwili chake ni inda, yaani tumbo, na kitako chake ni umukondo, yaani kitovu. Wanaume waliozipiga ngoma hizo, waitwao abatimbo, walikuwa basi wakipiga kwa vijiti vyao, imirisho, juu ya chombo kilichoumbwa kwa mfano wa mama anayezaa na kunyonyesha, na hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati tu, kwa kuwa sherehe kuu ambayo ngoma ilitolewa nje kwa ajili yake ilikuwa sherehe ya mbegu.

Sherehe hiyo iliitwa umuganuro. Ilifanyika kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimekwisha kushika, na shabaha yake ilikuwa kubariki na kufungua upandaji wa mtama katika nchi nzima. Kabla ya umuganuro haikuruhusiwa mkulima yeyote kutia mtama ardhini, hata kama shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa na mvua imetosha, na kwa hiyo mwami, ambaye Ulaya ingemwita mtawala wa siasa, alikuwa kwanza mtu aliyeshika kalenda ya kilimo. Watunza siri waliutazama mwezi na kupanga siku. Ngoma mpya na za zamani ziliondoka katika vilima vyake zikiwa zimebebwa vichwani na abatimbo waliozipiga huku wakitembea, zikafuata njia za miteremko hadi makao ya mwami, ambayo kwa vizazi vingi yalikuwa katika eneo la Muramvya, Bukeye na Mbuye, na huko watawala wa mikoa na wawakilishi wa koo walikuwa wamekusanyika kuleta zawadi na kuthibitisha utii wao. Mwami alikula ugali wa mtama kwa utaratibu wa ibada, Karyenda ikaonyeshwa, ngoma zikapigwa, na baada ya hapo mbegu ziliruhusiwa. Hakuna sehemu ya utaratibu huo iliyoweza kutolewa bila kuidhoofisha nyingine, kwa kuwa ngoma bila mtama ingekuwa kelele tu, na mtama bila ngoma ungekuwa mbegu isiyo na idhini.

Vilima ambavyo ngoma hizo zilitoka vilikuwa mahali patakatifu kwa haki yake vyenyewe, na kinachojulikana zaidi leo ni Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega. Masimulizi ya Gishora yanakihusisha kilima hicho na Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1908, na ambaye mwaka 1903 alilazimika kutia sahihi mkataba wa Kiganda na Wajerumani baada ya miaka ya kuwapinga. Inasimuliwa kwamba alijenga makao huko baada ya kumshinda mtawala mwasi aitwaye Ntibirangwa, kisha akaacha ngoma chini ya ulinzi wa ukoo wa Abanyigisaka, ambao wazao wao wameendelea na kazi hiyo hadi siku hizi. Ngoma mbili kuu za Gishora zina majina yanayofaa kusikilizwa kwa makini: moja ni Ruciteme, yaani yule ambaye pori hufyekwa kwa ajili yake, na nyingine ni Murimirwa, yaani yule ambaye watu hulima kwa ajili yake. Majina hayo yanataja kazi ya mkono wa mkulima, hatua kwa hatua, kuanzia kufyeka hadi kulima, wala hayana hata chembe ya majigambo ya vita, jambo ambalo linashangaza kidogo kwa mahali panaposemwa kuwa palianzishwa kwa ushindi wa kijeshi.

Makao ya mwami na ya watu wake yalikuwa rugo, yaani boma la mviringo lenye nyumba za nyasi ndani yake, lililozungushiwa ua wa matawi ya miti ya jamii ya mkuyu. Matawi hayo yalipochomekwa ardhini yaliota mizizi na kuchipua. Mwami alipohama au alipofariki, nyumba zilioza na kuanguka, lakini ua uliendelea kukua hadi ukawa kichaka kirefu chenye duara la kale katikati yake, na watu wa jirani hawakukikata, kwa kuwa walijua nani aliishi hapo. Vichaka vya namna hiyo huitwa ibigabiro, na Warundi huvihesabu pamoja na intatemwa, yaani mahali ambapo haparuhusiwi kukatwa mti. Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wa usanifu wa majengo wangefaa kulitafakari zaidi, nalo ni kwamba ikulu za Burundi hazikuacha magofu ya mawe kama yale ya Kilwa au Gedi, bali ziliacha misitu midogo, na atafutaye historia ya wafalme hao anapaswa kusoma miti.

Makaburi yao nayo yalikuwa msituni. Wafalme walipelekwa kaskazini, kwenye eneo la Inganzo upande wa Kayanza, karibu na msitu wa Kibira ulio juu ya mgongo wa milima inayotenganisha maji ya Kongo na ya Mto Nile, na mama wa wafalme walizikwa Mpotsa, huku sehemu zote mbili zikilindwa na koo zilizokatazwa kuzungumza ovyo juu ya kazi yao. Utaratibu huo ulivunjika katika karne ya 20. Mwambutsa wa Nne, aliyekalia kiti tangu akiwa mtoto mdogo mwaka 1915 hadi mwaka 1966, alifia uhamishoni nchini Uswisi mwaka 1977 na kuzikwa huko, na mabaki yake yalipofukuliwa mwaka 2012 kwa nia ya kuyarejesha Burundi, kesi ilifunguliwa na mahakama za Uswisi zikaishia kuamua kwamba yabaki huko. Mwanawe, Louis Rwagasore, aliyeuawa mjini Bujumbura tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa waziri mkuu, amezikwa Vugizo, juu ya mteremko unaoutazama mji na ziwa, ambako viongozi huweka mashada ya maua kila mwaka tarehe hiyo. Vugizo ni mahali patakatifu pa aina mpya, penye saruji na gwaride, na utakatifu wake umejengwa juu ya damu ya mtu mmoja na kumbukumbu ya taifa zima.

Kuvunjika kwa umuganuro kulitangulia hayo yote. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walikuwa wamefungua misheni za kwanza zilizodumu, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na kwa miaka mingi waliiona sherehe hiyo kuwa ngome ya upagani. Wabelgiji, walioshika nchi tangu mwaka 1916, nao hawakupenda kuona mamlaka ya mwami yakitegemea watunza siri ambao hawakuwa katika daftari lolote la serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 umuganuro ulikoma kufanyika. Ngoma hazikunyamaza, lakini tangu hapo zilianza kupigwa kwa ajili ya wageni, mabalozi na sikukuu za serikali, zikiwa zimeachana na mbegu iliyozipa sababu ya kuwako.

Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, bendera ya Ufalme wa Burundi ilionyesha katikati yake ngoma Karyenda na mche wa mtama, na huo ulikuwa ufahamu sahihi wa mambo, kwa kuwa waliobuni bendera hiyo hawakuitenga ngoma na shamba. Mwezi Novemba 1966 Michel Micombero alipouondoa ufalme na kutangaza jamhuri, ngoma iliondolewa kwenye bendera na mtama ukabaki peke yake kwa muda mfupi, hadi mwaka 1967 nafasi yake ilipochukuliwa na nyota tatu zinazoonekana hadi leo. Karibu na wakati huohuo, ngoma za Burundi zilirekodiwa na kutolewa kwenye sahani ya santuri ya shirika la Kifaransa liitwalo Ocora, na mlio huo ukaanza safari ndefu: mwimbaji Joni Mitchell aliutumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, bendi za Uingereza ziliuiga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walikuwa miongoni mwa wasanii wa tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Sifa hiyo ilistahili. Hata hivyo, wasikilizaji wa London na Paris walipokea mdundo bila kilima, na mdundo bila kilima ndio uliorudi Bujumbura ukiwa umevaa heshima ya dunia.

Anayetazama mchezo huo leo huona ngoma zimepangwa nusu duara, moja ikiwa katikati mbele. Hiyo ya katikati huitwa inkiranya, nayo ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo mmoja usiokatika, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata anachoamuru mpigaji wa inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, wakirukaruka na kutamba, na mavazi yao mekundu, meupe na ya kijani ni rangi za bendera ya taifa, alama ya wazi kwamba ngoma imehama kutoka kwa mwami kwenda kwa jamhuri. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, na Musée Vivant ya Bujumbura, iliyofunguliwa mwaka 1977, yamefanya kazi nzuri ya kuhifadhi vifaa na mifano ya nyumba za kale, lakini makumbusho, kwa jinsi yalivyo, huhifadhi kile kinachoweza kuingia mlangoni.

Mwaka 2014 UNESCO iliandika mchezo wa ngoma ya kifalme wa Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2017 amri ya rais iliweka masharti: vikundi visajiliwe wizarani, ngoma zisipigwe nje ya sherehe rasmi bila kibali, anayetaka kuzitumia kwa shughuli yake alipe faranga za Burundi 500,000, na wanawake wasizipige. Waliotunga amri hiyo walikuwa na hofu ya haki kwamba ngoma inageuzwa kuwa bidhaa ya sokoni, na hofu hiyo inastahili kuheshimiwa. Ni kweli pia kwamba abatimbo wa zamani walikuwa wanaume. Lakini mila yenyewe ilimweka mwanamke karibu na Karyenda kuliko mpigaji yeyote, na ikaiumba ngoma kwa viungo vya mama, kwa hiyo sheria inayomkataza mwanamke kuipiga imechukua tawi moja la mila na kuacha shina.

Kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo kitu na mahali vimelindwa kwa pamoja. Misitu ya kaya za Wamijikenda katika pwani ya Kenya, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilitambuliwa pamoja na wazee wake na pamoja na fingo, ile hirizi iliyozikwa ardhini ili kuilinda kaya. Kinyume chake, vigango vyao, yaani nguzo za mti za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa na kuuzwa hadi Marekani, vilionekana huko kuwa sanaa nzuri tu hadi baadhi viliporudishwa. Makaburi ya Kasubi huko Kampala, yaliyoungua tarehe 16 Machi 2010, yalijengwa upya kwa kuurudisha ujuzi wa ukoo wa Ngeye, ambao kazi yake tangu kale ni kuezeka, na mwaka 2023 yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Burundi nayo ilikwisha kuanza njia hiyo. Mwaka 2007 iliwasilisha UNESCO orodha ya awali, yaani orodha ambayo nchi hutaja ndani yake mahali inapokusudia kupapendekeza baadaye, na humo yamo makao ya kifalme ya Gishora pamoja na mandhari takatifu za asili za Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba. Mchezo ulitambuliwa miaka saba baadaye. Vilima vilibaki katika orodha ya awali. Katika nchi yenye watu wengi kwa kila kilomita ya mraba kuliko karibu nchi nyingine zote za bara la Afrika, ambako kila kipande cha mteremko kinalimwa, kichaka kisicho na mipaka iliyopimwa na kuandikwa huliwa pembeni mwaka baada ya mwaka, kwa jembe na kwa shoka la kuni, bila mtu mmoja kuweza kulaumiwa. Kinachohitajika kinafahamika: ibigabiro vipimwe na kuingizwa katika hati za ardhi, koo za walinzi zitambuliwe kwa majina katika mipango ya uhifadhi, na miche ya umuvugangoma ipandwe karibu na Gishora chini ya mikono ya Abanyigisaka wenyewe, ianze kupandwa sasa, kwa kuwa mti huo huchukua miaka mingi kufikia unene wa kutoboa ngoma.